Nyumba ya Jivu

Gari jeusi la Pejo lilikuwa limeshateremka kuelekea Mukumu, na nyuma yake pikipiki ya Lazarus seremala ilikuwa ikilifuata huku ikikohoa kama mzee wa kifua.

"Kaza, Lazarus!" Jescah alipiga kelele mgongoni mwake.

"Nikikaza zaidi, dada, sisi tutafika mbinguni na wao wafike Kisumu!"

Tulipoachana, msomaji, ulikuwa umeshika roho mkononi. Jescah Nekoye alifika kazini akakuta meza ya kuchorea iko tupu. Ramani zote za nyumba za Laini zimekwenda. Na Erastus, mwenzake aliyeanzisha naye ofisi ile ya kuchora nyumba nyuma ya soko la Kakamega, ameonekana akiingia katika gari lisilo lake. Tukabaki tunaulizana: gari la nani?

Haya, leo utajua.

Mbele ya misheni barabara ilikuwa imezibwa. Mzee mmoja wa huko alikuwa amekufa, na watu walikuwa wanamfanyia shilembe, maandamano ya kumuaga: mafahali wamevishwa majani kwenye pembe, ngoma zinalia, vijana wanaruka na fimbo. Shilembe haipigiwi honi. Pejo likasimama.

Lazarus akaleta pikipiki dirishani. Kioo kikashuka.

"Mulembe, msichana wa jivu," ilisema sauti ya ndani.

Alikuwa ni Patroba.

Patroba! Yule aliyenunua shamba la mgodi wa zamani wa dhahabu, shamba lenye Laini juu yake. Laini ni zile safu za vyumba walizojengewa wachimbaji. Mgodi ulifungwa, wachimbaji wakabaki humo na wake na watoto. Mwaka mzima Erastus na Jescah walikuwa wanapigana na Patroba huyu ili watu wale wasifukuzwe, bali wajengewe nyumba mpya papo hapo. Erastus alimtukana mkutanoni akiwa amesimama juu ya meza. Watu walimbeba mabegani.

Sasa Erastus huyo alikuwa amekaa kando ya Patroba, anakula naye ndizi.

"Erastus," Jescah alisema. "Unaenda wapi na ramani zetu?"

"Zetu? Soma pale chini. Jina ni la nani?"

"Jina ni lako. Na miguu iliyozitembea ni ya nani?"

Erastus akatazama mafahali.

Maneno hayo ya miguu yana maana yake. Ofisi yao haikuwa kama ofisi nyingine za ramani. Wao waliuliza kwanza, ndipo wakachora. Jescah alikaa katika majiko ya Laini, akila obusuma, ugali wao, na mboga, akiwauliza akina mama: mgeni akija anakaa wapi? Mtoto wa kiume akipevuka analala wapi? Mama mkwe akija kumwona binti yake, anapita wapi asikutane na mume wa binti? Akirudi, walichukua madebe ya jivu wakaichora nyumba nzima chini, katika uwanja wa nyuma ya ofisi, kwa ukubwa wake wa kweli. Kisha wakawaita akina mama waingie.

Ndipo kichekesho kilipoanza. Mama anapika hewa. Mwingine anajifanya mlevi anarudi. Mwingine anasema "hodi" palipo ukuta, wenzake wanamfokea, "We, utavunja pua!" Chumba kikiwa kidogo, wanakifuta kwa mguu na kuchora kingine. Nyumba ikakua hivyo, kwa miguu ya watu. Na sehemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa chumba kidogo cha nyuma, kimejitenga, kina mlango wake na mafiga yake, kimeupa mgongo mlango mkubwa. Chumba cha mama mkwe.

"Nilimwahidi Mama Teresa mlango wake mwenyewe," Jescah alisema. "Nilimwahidi kwa mdomo wangu. Ni mama wa mke wako, Erastus! Unamuuza mama mkwe wako?"

"Hakuna anayeuzwa. Nyumba zitajengwa."

"Za nani?"

Patroba akatupa ganda la ndizi nje. "Za wafanyakazi wa serikali. Watu wa suti. Kwani hakukwambia? Laini inavunjwa. Na dada yangu, usinitazame hivyo, mimi sikumtafuta. Huyu alikuja kwangu kwa miguu yake."

Lazarus akashuka kwenye pikipiki, mkono umekunja ngumi. Jescah akamshika shati.

"Kweli, Erastus?"

"Nimechoka," alisema Erastus. "Unanisikia? Nimesoma miaka yote ile nije kuchora kwa jivu? Mvua ikinyesha kazi yetu inakuwa uji! Wenzangu wanajenga Nairobi. Mimi nahojiana na wanawake juu ya mafiga."

"Walikufungulia majiko yao."

"Walikufungulia wewe."

Hilo lilimkata Jescah, kwa sababu lilikuwa kweli.

Erastus naye, kama afanyavyo mtu mwenye hatia, akataka asifiwe. Akashuka, akaikunjua ramani juu ya boneti. "Angalia mwenyewe. Hata mstari mmoja sikuwaibia. Nilipima nyumba yao vilevile walivyoitaka. Siku ulipokwenda Iguhu, niliwaita wote uwanjani na nikapima kila ukuta. Mama mwenyewe alikuwepo."

Jescah akainama. Sebule ipo. Vyumba vya kulala vipo. Jiko lipo, limeingizwa ndani. Mlango mmoja.

Akatafuta chumba cha nyuma. Hakipo.

Akatafuta tena. Mahali pake palikuwa na ukuta tu, umenyooka, safi.

"Mama alikuwepo ulipopima?" aliuliza polepole.

"Alikuwepo. Walicheka sana."

"Na wewe uliingia ndani ya mistari?"

"Sasa nitapimaje nikiwa nje?"

Jescah akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Twende bwana," Patroba alisema, "mafahali wanapita. Na wewe, msichana, rudi ukaokote majivu yako. Nikihitaji mpishi nitakuita."

Jescah akafunga mdomo.

Pejo likaondoka na kosa ndani yake, na mtu pekee aliyelijua alibaki barabarani na vumbi usoni.

* * *

Kazi iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko ile. Ilibidi aende Laini akaseme.

Mama Teresa alikuwa anapepeta mahindi mlangoni. Mama mrefu, mjane wa mchimbaji, sauti yake inasikika hadi mtoni. Alimsikiliza Jescah hadi mwisho bila kuinua macho. Akina mama wengine wakakusanyika.

"Kwa hiyo tunavunjiwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na aliyetuuza ni Erastus."

"Ndiyo."

"Na Erastus alijuaje yaliyo ndani ya nyumba zetu? Hajawahi kuingia jikoni kwangu. Hawezi kuingia jikoni kwangu! Nani alikaa hapa akala mboga yangu? Nani aliniuliza ninalala upande gani?"

"Mama..." Jescah alianza.

"Usiniite mama," alisema Teresa. "Mama ni wa yule mtoto anayefunga mlango akitoka."

Mwanamke mmoja akatema mate chini. Lazarus akajaribu kutetea: "Lakini mama, huyu naye ameibiwa..."

"We seremala nyamaza. Wewe umeibiwa kazi ya mbao. Sisi tumeibiwa nyumba."

Jescah akageuka kwenda. Halafu akarudi, maana lile swali lingemuua.

"Niambie kitu kimoja tu. Siku Erastus alipopima, chumba cha nyuma kilikwenda wapi?"

Teresa akamkodolea macho, kisha akacheka, kicheko kikavu. "Wewe umesoma kwa masista, hujasoma kwenu? Mkwe wangu anaingia ndani ya nyumba, mimi nibaki humo? Hata kama ni nyumba ya jivu! Tulipomwona anavuka mstari sisi wote tulitoka mbio. Tulicheka kwa aibu. Lakini kabla sijatoka nikakifuta kile chumba kwa mguu."

"Kwa nini?"

"Ningemwonyesha mkwe wangu mahali nitakapolala? Pale ningevua nguo? Wewe mtoto gani! Angekuwa mtu wa hapa angeona chumba kinakosekana, akanyamaza, akakichora mwenyewe kwao. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyofanyanga. Huyu alilelewa bwenini, akapelekwa ng'ambo. Alipima tulichomwachia."

Basi ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Alipima nyumba ambayo wakwe zake walimkimbia.

* * *

Tingatinga lilikuja. Sitakueleza sana, umewahi kuona. Mabati yalipiga kelele, kuku walikimbia, na watu wa Laini wakatawanyika kila mtu na godoro lake: wengine kwa ndugu Iguhu, wengine chini ya vibanda vya soko. Teresa alipata kona kwa dada yake. Jescah alikwenda kusaidia kubeba vyombo. Hakuna aliyempa hata sufuria.

Nyumba za Patroba zikaota mahali pale. Mawe, mabati mekundu, madirisha ya vioo. Nzuri, tusidanganyane. Erastus alipewa ya kwanza, ya kona, akahamia na mkewe Selpher, ambaye sasa alikuwa mja mzito. Makarani na walimu wakaingia nyingine, wakaalika watu, wakapiga picha mlangoni.

Mlango ule mmoja.

Manung'uniko yalianza kidogo kidogo. Karani mmoja alitembelewa na mama mkwe wake kutoka Butali. Mama akafika mlangoni, akaona sebule, akaona mkwewe amekaa, akaona kuwa jiko liko nyuma ya sebule na chumba cha kulala kimelitazama jiko. Akaweka kapu chini, akarudi Butali bila kunywa hata maji. Mke wa karani akalia wiki nzima. Mwalimu mmoja yeye alikimbia nyumba yake mwenyewe, akalala shuleni juu ya madawati mpaka wakwe walipoondoka. Wanafunzi walimcheka.

Kisha dada yake Teresa huko Iguhu akafariki, na shemeji hakutaka mgeni.

Ikawa mchana wa mvua. Teresa akatokea kwenye nyumba ya kona, godoro kichwani, jogoo kwapani. Hakubisha hodi. Alikaa nje chini ya bati, akaupa mlango mgongo.

Selpher akatoka, tumbo mbele. "Mama!"

"Nimekuja. Sina kwingine."

Erastus akachungulia. Akaona majirani wanafungua madirisha. Akaharakisha kusema, "Mama, ingia ndani, utalowa."

Dirisha la karani likasema "Yesu!" waziwazi.

Teresa hakumjibu. Mtu na mkwewe hawasemezani uso kwa uso, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja adabu hata kwa aliyemvunjia nyumba. Akamgeukia jogoo wake.

"Ingokho yangu," alisema kwa sauti ile ya kufika mtoni, "hebu mwambie mwenye nyumba hii nimeisikia sauti yake. Muulize, niingie nikae wapi? Muulize kama katika nyumba hii kuna hata pembe moja ambayo mimi nitavua kitambaa yeye asinione."

Erastus akarudi nyuma ya mlango.

"Mwambie mimi nilikuwa na chumba. Hapa hapa. Pale penye ua wa maua ndipo yalipokuwa mafiga yangu."

"Mama, watu wanasikia," Selpher alinong'ona.

"Ingokho, kumbe watu wanasikia! Basi muulize binti yangu jambo moja. Muulize kama alijua."

Mvua ikapiga bati.

"Muulize kama siku ile mumewe anapanda gari la Patroba, yeye alijua anakwenda kuniuza."

Selpher alishika mlango. Angeweza kudanganya. Wengi wetu tungedanganya.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilitaka nyumba ya mawe."

Uso wa Teresa haukubadilika, ila mkono uliomshika jogoo ulilegea, na jogoo akashuka, akajikung'uta, akaingia ndani ya nyumba ya mawe mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyekaribishwa.

Erastus akatoka nje mvuani kwa kupitia dirisha la nyuma, ili asimpite mama mkwe wake mlangoni. Msanifu wa majengo, suruali imechanika, anatoka dirishani kwake! Akakimbia moja kwa moja hadi ofisini nyuma ya soko.

"Jescah! Njoo. Niambie kilikuwa wapi."

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo. Chumba. Mlango wa nyuma. Ulijua siku ile Mukumu, nilikuona usoni. Ulijua na ukaniacha niende!"

"Nilitaka kusema. Patroba akaniambia nikaokote majivu."

"Nakuomba. Nitakurudishia jina lako kwenye ramani."

"Jina langu liache. Patroba awarudishe watu wa Laini."

"Patroba hawezi. Nyumba zote zimeshachukuliwa, hilo unajua!"

Jescah alijua. Akarudi kuchonga penseli yake.

"Basi nenda kwa mwenye jibu," alisema. "Yuko mlangoni kwako. Muulize."

"Siwezi kumuuliza! Siwezi kusema naye!"

"Ehe," alisema Jescah. "Pole."

Wakati huo huo mtu akaingia, amelowa. Alikuwa karani wa dirishani.

"Nimetumwa," alisema, amekunja uso kwa aibu. "Yaani, jogoo ametumwa, lakini amekataa kutoka ndani. Mama anasema yule msichana wa jivu aje. Anasema aje na debe."

Jescah akasimama. Erastus akasimama naye.

"Wewe baki," Lazarus, aliyekuwa akiranda ubao pembeni, alimwambia. "Ukivuka mstari watakimbia tena."

Mvua ilipokatika, Jescah alikuwa nyuma ya nyumba ya kona, amechuchumaa. Teresa alisimama mbali kidogo, mikono kifuani. Hawakusalimiana. Jescah akachota jivu, akamwaga ukuta mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye mlango alisita.

"Utazame wapi?"

"Kule," alisema Teresa, akionyesha kwa kidevu upande wa mtoni, mbali na nyumba ya binti yake. "Na upana uwe wa kupita na godoro."

Akaingia ndani ya mistari. Akageuka, akajinyoosha, akajifanya anapika. Akafuta ukuta mmoja kwa mguu, akausogeza.

"Haya," alisema. "Sasa funga."

Jescah akaufunga mstari. Watu wa Laini waliokuwa sokoni walisikia, wakaja na udongo na fito, na siku ile ile ukuta ukaanza kupanda.

* * *

Yaliyowapata ni haya.

Selpher alizaa mtoto wa kike. Mama yake alimlea mjukuu huyo vizuri. Yeye na Selpher walisemezana habari za mtoto tu.

Karani alitaka chumba kama kile nyuma ya nyumba yake, mwalimu naye akataka, wakafuata wengine wote. Jescah aliwachorea kwa jivu. Wakwe hawaji kila siku, kwa hiyo vyumba vilikaa vitupu, wenyewe wakaanza kuvipangisha. Waliopanga ni watu wa Laini. Wengi wao wanakaa hadi leo nyuma ya nyumba zilizochorwa kwa ajili yao.

Patroba alikuwa mwenyekiti wa kamati kadhaa. Aliugua kisukari, akakatwa mguu.

Lazarus alioa huko Lugari na anatengeneza vitanda. Pikipiki aliiuza.

Erastus alikwenda Nairobi akawa mtu mkubwa. Picha ya nyumba zile za Kakamega ilitundikwa ofisini kwake, imepigwa kutoka mbele. Alikuwa akija kwa mkewe mara chache, na akija alipita barabara ya juu, mbali na mlango wa Teresa.

Jescah aliendesha ofisi ile peke yake hadi macho yalipochoka. Hakuolewa. Teresa hakumwita tena mwanangu, wala yeye hakumwita mama.

Teresa alikufa katika kile chumba. Walimtoa kwa mlango wake mwenyewe, na godoro lilipita.